Mwanaheri wa Langoni

Marehemu mke wangu, Mwanaheri, alikuwa mwanamke wa jembe. Tuliishi mlimani juu ya Soni, tukilima kabichi na karoti kwenye matuta. Gunia la karoti alilibeba kichwani mpaka barabarani, akarudi anaimba.

Kisha moyo ukamsumbua. Daktari akamwambia asipande mlima. Kwetu sisi hata ukienda chooni unapanda mlima.

Watoto wakamnyang'anya jembe. Majirani wakamnyang'anya ndoo. Akienda msibani, hajavua viatu kiti kimeshaletwa. Akiomba kisu amenye ndizi, wanamwambia, "Pumzika, mama." Kupumzika kulimchosha kuliko kulima.

Binti yetu Nasra ana kibanda cha simu pale Soni. Akamletea simu yenye ufa kwenye kioo, ndani yake kuna mchezo. Mchezo wenyewe ni vita. Kuna msitu mkubwa, humo wanaishi Waelvi, watu warefu wenye masikio yaliyochongoka, hawazeeki. Nje ya msitu kuna majeshi ya giza. Yanakuja kama moshi, yakigusa mti unakauka. Kila mchezaji ana Mwelvi wake. Wanajiunga kikosi, wanalinda msitu pamoja, kila mtu yuko kwake na simu yake, na sauti zao wanasikilizana.

Mwelvi wa mke wangu aliitwa Mwiba. Alipewa ngao, akasimama langoni. Kazi ya langoni haina sifa. Wenzake wanarusha mishale, wanakimbilia ngawira, yeye anasimama. Mlinzi akiondoka, moshi unaingia. Hakuondoka. Mkuu wa kikosi, kijana wa Tanga anaitwa Jamali, alikuwa akisema, "Mwiba ni bubu, lakini ni ukuta."

Bubu, kwa sababu hakutoa neno. Aliniambia, "Wakijua umri wangu, basi tena."

Jumapili moja baada ya adhuhuri, kijana wa Rangwi, Samsoni, alikimbilia ngawira nje ya lango. Moshi ukamzunguka. Mke wangu akajisahau. Akapiga kelele, "We mtoto! Nyuma yako!"

"Nani huyo?" Jamali akauliza.

"Mwiba."

"Mwiba ni bibi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba."

Hapo wakaanza. Samsoni shikamoo, Faraji shikamoo, wa Lushoto, wa Mombo, mmoja baada ya mwingine. Naye akamjibu kila mmoja, akauliza na wazazi kama hawajambo. Vijana wamelelewa vizuri. Lakini hakuna aliyekuwa anapigana. Walipokumbuka, lango lilikuwa limeshaanguka, na msitu wa nje wote umekauka.

Likabaki lango la ndani, la mti mkuu. Mti huo ukikauka, kikosi kinafutwa. Jamali akapanga vita vya Jumapili inayofuata. Langoni akamweka Faraji.

"Na mimi?" mke wangu akauliza.

"Bibi, samahani sana. Wewe utakaa juu ya mti, pana kivuli kizuri. Utuombee dua."

"Dua naomba hapa nyumbani."

"Tunakuheshimu tu, bibi."

Akaweka simu chini. Chakula hakukigusa.

"Baba Nasra," akaniambia, "hata huko wamenipa kiti."

Wiki ile alikaa barazani na simu, anajizoeza kushika ngao. Vidole vilikuwa vimevimba. Nasra akamwambia, "Mama, ni mchezo tu huo."

Akamjibu, "Basi na kabichi ni majani tu."

Jumapili ikafika. Akatawadha, akaswali, akanitaka nimshikie simu ili vidole vyake vyote viwe huru. Nikashika. Nikamwona Mwiba anashuka mtini, anakwenda mpaka langoni, anasimama mbele ya Faraji.

"Bibi, tafadhali, rudi juu," Jamali akasema.

"Umeniamkia?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na wengine wote marahaba, hiyo ndiyo ya leo, msirudie. Haya, nani kati yenu atamsukuma mkubwa wake hapa amtoe?"

Samsoni akaanza kucheka. "Mkuu, bibi ametuweza."

Faraji akampisha.

Moshi ukaja, mweusi, mwingi kuliko ule wa kwanza. Jamali akasema, "Bibi, samahani, kama hutojali, naomba uinue kidogo hiyo ngao..." Hajamaliza, pigo limeshaingia. Lango likatikisika.

"Acha samahani zako, tunakufa!" mke wangu akasema. "Sema unachotaka!"

"Mwiba! Ngao juu!"

"Imepanda!"

"Usisogee! Ukisogea nakufukuza kwenye kikosi!"

Tangu augue, hakuna mtu aliyemkaripia mke wangu. Nilimtazama. Jasho linamtiririka, na anacheka.

"Sisogei, mkuu."

Moshi ulirudi tena na tena. Mkono wangu ukafa ganzi. Nikamwambia nibadilishe mkono. Akasema, "Shika hivyo hivyo." Nikashika hivyo hivyo. Lango likapasuka ubavuni, akauziba ufa kwa ngao. Wenzake wakarusha mishale juu ya kichwa chake. Hakuna aliyekimbilia ngawira, hata Samsoni. Mwisho moshi ukapungua, ukarudi ulikotoka. Mti ulikuwa umesimama na majani yake.

Wakashangilia, simu ikakoroma. Samsoni akasema, "Hongea," maana ni Mshambaa mwenzetu na ndivyo tunavyoshukuru. Mke wangu akajifuta uso kwa kanga. Jamali akasoma zamu za Jumapili inayofuata.

"Langoni, Mwiba. Usichelewe."

Hakusema bibi. Hakusema samahani.

"Umesikia?" mke wangu akaniambia. "Nisichelewe."

Hakuchelewa Jumapili hata moja. Alifariki Jumatano.