Kamera ya Mzee Muchiri

Kila asubuhi nyumbani kwao Waithaka, Mzee Muchiri akishamaliza uji, aligeuza uso kuelekea alikodhani mwanawe ameketi, akauliza swali lile lile.

"Muigai, kamera yangu ulimuuzia nani?"

Macho ya mzee yalikuwa yamezimika, na kumbukumbu nayo ilikuwa ikimponyoka. Hakukumbuka kwamba kamera aliiuza mwenyewe, kwa hiari yake, apate karo, mwaka Muigai alipoitwa chuo kikuu. Mwanzoni Muigai alimweleza kwa upole, baadaye kwa ukali, kisha akaacha kabisa kueleza. Mtu mzima, shahada yake imetundikwa ukutani, akawa anaishi kwa baba yake kama mwizi aliyevumiliwa. Hakuogopa shutuma yenyewe. Aliogopa kwamba mzee angezikwa akiiamini.

Basi siku alipoingia katika mkahawa mmoja wa Kinoo kujikinga mvua, akaiona kamera hiyo rafuni baina ya maua ya plastiki, aliisogelea moja kwa moja. Ilikuwa ile ile ya lenzi mbili, ya filamu pana, ambayo mpigaji huinamisha kichwa kuitazama kwa juu kana kwamba anasali. Ubavuni ilikuwa na kiraka cha ngozi ya kahawia, ambacho baba yake alikikata katika mkoba wa marehemu mama na kukigandisha kwa gundi ya viatu.

"Hiyo ni pambo tu, haifanyi kazi," alisema Emmah, mwenye mkahawa. "Uncle ndiye aliniachia. Lakini ukiitaka, tuongee."

Waliongea, na Muigai akaondoka nayo chini ya koti.

Fundi Mwololo, aliyekuwa na chumba chake ghorofani katikati ya jiji, aliifungua akapiga mluzi.

"Prof, hii ilikuwa imelala mochari! Ona ukungu kwa lenzi. Shata nayo, hii ya kufungua na kufunga mwanga, imeganda kabisa."

"Itapona?"

"Itapona. Lakini hii ngozi imechoka. Na hii kiraka, aki, nani aliweka? Fundi wa viatu?"

Muigai akacheka naye, kisha akaona haya. Kwao mzazi hapelekewi kitu kilichochakaa. Hata blanketi la mzee hununuliwa jipya, likafika likiwa bado na lebo. Angewezaje kumwekea baba yake mapajani chombo chenye viraka?

"Bandua yote," alisema. "Iwe kama imetoka dukani."

Jumapili, baada ya kanisa, dada yake Waceke alimtoa mzee nje aote jua. Muigai akamwekea kamera mapajani. Mzee akaipapasa, akabonyeza, shata ikalia kwa mlio mwembamba, safi. Uso wake ukafunguka.

"Wee! Hiyo sauti!"

Kisha kidole gumba kikateremka ubavuni. Kikapita, kikarudi, kikapita tena polepole, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe gizani. Kikasimama.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako, Baba."

"Yangu ninaijua."

"Ile ngozi ya mkoba wa Mama niliibandua. Fundi aliweka ngozi mpya." Hata masikioni mwa Muigai mwenyewe maneno hayo yalikuwa ya mwongo.

"Baba, si ukubali tu," Waceke aliingilia. "Ametoka mbali kuitafuta."

"Na wewe amekufunza kusema hivyo?"

Muigai akasogea kando, akampigia Mwololo simu.

"Ile kiraka?" fundi alishangaa. "Prof, si ulisema nibandue? Hiyo ilienda na takataka kitambo."

Aliporudi, mzee alikuwa ameiinua kamera kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayemrudishia mgeni kitu alichosahau.

"Mrudishie mwenye kamera kabla hajaanza kuitafuta," alisema. "Mimi najua vile mtu huumia."

Muigai akaipokea. Halafu mzee akavua saa yake mkononi, akampa Waceke amfichie.