Bendera Iliyokataa Kushuka

Mwaka ziwa lilipopanda, shule yetu ya msingi ilibaki na maji hadi madirishani. Uwanjani kilibaki kitu kimoja tu kikavu: mlingoti wa bendera, umesimama wima mbali kidogo na ufuko, na mbayuwayu wakipumzika juu yake.

Tuliazima vyumba vya shule moja ya mlimani. Wenyeji walisoma asubuhi, sisi mchana, saa za joto kali, watoto wangu wa darasa la kwanza wakisinzia juu ya madawati ya wenzao. Nilikuwa nawaacha walale kidogo. Hata sauti yangu mwenyewe ilinifikia kama inatoka chumba cha pili.

Lakini bendera yetu haikuhama. Mkuu wa shule alikataa katakata: shule ni pale bendera yake inapopandishwa. Mzee aliyelinda shule, tuliyemwita Papa mlinzi, aliipandisha asubuhi peke yake, na jioni, masomo yakiisha, tuliteremka wote kwa mistari hadi ufukweni kuishusha. Yeye alienda na mtumbwi wake hadi mlingotini, mkuu akapuliza filimbi, na mtaa mzima ukasimama. Kwetu, bendera inaposhuka hakuna anayeinua mguu. Pikipiki zilizimwa. Wamama wauza samaki wa ndagala walisimama na mabeseni kichwani. Hata wavuvi waliacha kupiga kasia, mitumbwi ikaelea yenyewe polepole. Nilizipenda dakika zile kupita kiasi.

Ndipo habari zikaanza kuvuma kwamba ofisi ya elimu itaifuta shule yetu na kuwatawanya watoto. Wangu walikuwa wamejifunza kuandika majina yao wakiwa pamoja, na sikuwa tayari kumtoa hata mmoja. Nilisema wazi: anayewataka aje awachukue mbele yangu.

Akaja. Alikuwa mkaguzi, viatu vinang'aa, akashuka garini na kutukuta ufukweni. Alifungua kinywa, filimbi ikalia. Akasimama tuli, mikono ubavuni, kama sisi sote. Tuliimba wimbo wa taifa hadi mwisho na bendera ilikuwa bado juu. Kamba ilikuwa imenasa. Papa mlinzi alivuta, akavuta, mtumbwi ukawa unazunguka naye chini ya mlingoti.

"Mwalimu," mtoto mmoja alininong'oneza, "drapo inakatala kushuka."

Hakuna aliyecheka. Tukaanza wimbo upya. Kivuli cha vilima kilitupita taratibu, kikaingia majini. Wimbi likaja, likajaza viatu vya mkaguzi, naye hakusogea, nami nikaanza kumpenda kidogo, jambo lililoniudhi sana. Niliomba kamba ile inase hivyo hivyo. Bendera ikiwa juu hawezi kusema neno, na kabla hajasema, watoto ni wangu.

Kisha kamba ikaachia ghafla, bendera ikashuka.

"Mama," mkaguzi aliniambia kwa upole, suruali yake ikichuruzika maji, "kuanzia lundi, juma ikianza, tutabagawanya batoto ku mashule ya kule juu. Hii maji haitarudia nyuma leo wala kesho."

Nililia mbele yake bila haya. Watoto wakagawanywa huku na kule, nami nikapangiwa shule nyingine kabisa, ambako sikumjua mtu.

Wiki ile ile mwalimu wa mojawapo ya shule zilizowapokea alinisimamisha sokoni, amekunja uso.

"Mama mwalimu, bale batoto bako! Asubuhi tukipandisha drapo, banageuka bote, banaipatia mugongo. Banaangalia ku ziwa tu! Ulibafundishaka nini kule?"

Nilitaka kumpa jibu lake, na nilikuwa nalo. Lakini asubuhi hiyo hiyo, kwenye uwanja wa shule yangu mpya, filimbi ilipolia, mkuu wetu alikuwa amenishika bega na kunigeuza polepole kuelekea bendera.