Matrida Aenda kwa Mkwe na Nyumba Yake

Matrida Nyangi alikuwa hajawahi kulala kwa mkwe wake, na hakuwa na nia ya kuanza akiwa na miaka sitini na nane. Katika ukoo wao, upande wa Suguti, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Anaenda, anakaa kwenye kiti alichowekewa pembeni, anakunywa chai, na jua likianza kulegea anaaga. Ndivyo alivyofanya mama yake. Bibi yake ndiye aliyetia fora: alitembea na mvua yote mgongoni kutoka Kiriba badala ya kujikinga barazani kwa mkwe, akaugua mafua wiki tatu na akayasimulia kwa fahari miaka thelathini.

Kwa miaka tisa jambo hilo halikumsumbua. Binti yake wa pekee, Dorah, aliolewa Butiama na mwalimu wa hesabu aitwaye Fred, na Butiama si mbali na Musoma. Matrida alienda asubuhi, akarudi jioni. Lakini sasa, baada ya miaka hiyo tisa ya kungoja, Dorah alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mseti. Mama yake Fred alishafariki. Nani angempikia mzazi uji alfajiri? Nani angemwogesha mtoto? Kazi hiyo haifanywi na mtu anayetazama saa asije akaachwa na gari. Matrida alitaka mwezi mzima.

Akampigia simu kaka yake Yakobo wa Suguti, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo.

"Kaka, nikilala ndani ya gari langu, uani kwa mkwe, nitakuwa nimelala kwake?"

Yakobo akaanza kuhoji kama hakimu.

"Gari lina paa?"

"Linalo."

"La nani?"

"Langu. Ni ile Haisi ya marehemu mume wangu."

"Basi sikiliza. Ukiwa na paa lako, mlango wako, moto wako na maji yako, uko kwako. Lakini ukiazima kwake hata kijiko cha chumvi, umelala kwa mkwe, na kwangu usikanyage."

Ile Haisi marehemu mumewe alikuwa akipelekea dagaa Bunda. Matrida alijua kuiendesha, na leseni aliitunza ndani ya Biblia. Tatizo lilikuwa ni kupakia. Mtu aliyekulia miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na aliyekula unga wa njano akashukuru, haamini kwamba kitu alichokiacha nyumbani atakikuta mbele ya safari. Akapakia kitanda cha futi nne kwa sita. Akapakia kinu na mchi, jiwe la kusagia, magunia mawili ya mkaa, kabati la vyombo lenye vioo, viti vinne vya wageni na pasi ya mkaa.

Jirani yake Mwamvita, muuza vyombo sokoni, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mama Dorah, unaenda kumwona mtoto au unahamisha wilaya?"

"Nimeambiwa nisiazime."

"Sasa hiyo pasi, unamnyooshea nani suti? Mtoto ana siku nne."

"Nepi zinapigwaga pasi, Mama Abubakary. Wewe ulizaa ukasahau."

"Mimi kwetu mama mkwe anapewa chumba kizuri, na rimoti ya televisheni anashika yeye."

"Kwenu ni kwenu. Panda, tunapitia Bunda kwa fundi."

Gari lilitoka Musoma pua ikiwa juu kama mtu anayenusa chakula cha jirani. Kila tuta, vyombo vya kabatini viliimba. Malori yaliwapita yakipiga honi, na Matrida aliyapungia yote mkono akidhani ni salamu.

Fundi Rashidi wa Bunda alizoea magari ya wageni waendao mbugani. Alipofungua mlango wa nyuma, kinu kilijiviringisha kikashuka chenyewe, kikasimama miguuni pake.

"Mama, shikamoo. Hapa nitengeneze nini?"

"Marahaba. Nitengenezee nafasi ya kulala."

Rashidi akachungulia. "Wazungu wanapitaga hapa na gari kama hili, wanalala humo miezi miwili. Unajua wanabeba sufuria ngapi?"

"Ishirini?"

"Mbili. Na ya pili ndiyo mfuniko wa ya kwanza."

"Maskini," alisema Matrida, kwa huruma ya kweli.

Rashidi alitoa vyote nje, akamwambia Matrida apande, alale sakafuni, ageuke, akae, kisha ajifanye anatafuta miwani. Kila alipogusa, fundi alipiga mstari kwa chaki. Vifaa vya safari, alisema, havichaguliwi kwa macho, vinachaguliwa kwa mwili. Kitanda cha futi nne hakikupita hata kwenye mtihani wa mlango. Akamtengenezea sanduku refu la mbao, juu godoro lililokatwa kwa kipimo chake, chini nguo na unga. Madumu mawili ya maji yakafungwa kwa mkanda chini kabisa, yasiyumbishe gari kwenye kona. Paneli ndogo ya sola juu, taa ndani. Ndoano nne za chandarua, mapazia, kiti kimoja cha kukunja, na ngazi fupi ya vidato viwili, kwa sababu goti la kushoto la Matrida lilikuwa na maoni yake.

Waligombana juu ya mkaa tu.

"Jiko litakaa hapa, karibu na mto," Matrida alisema. "Usiku nitaota moto."

"Mama, mkaa ndani ya gari lililofungwa unaua kimya kimya. Mtungi mdogo wa gesi, na utapikia nje chini ya turubai. Kama hutaki, chukua gari lako."

Matrida akaangalia pembeni. "Mtungi uwe wa kijani, basi. Uoane na mapazia."

Mwisho akaomba ndoo yenye mfuniko unaobana. Rashidi akauliza ni ya nini.

"Choo cha mkwe nacho ni cha mkwe," alisema Matrida, na fundi akaenda kuileta bila swali lingine.

Kinu, kabati na wenzao walirudishwa Musoma kwa pikapu. Gari lilioshwa kwa majivu, kwa limau, kwa sabuni ya unga, mara tatu, likabaki linanukia dagaa. Matrida hakuisikia harufu. Alikuwa ameishi nayo kwenye ndoa miaka arobaini.

Waliingia Butiama saa nne asubuhi, wakifuatwa na paka saba.

Dorah alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Fred alisimama ng'ambo ya ua, amevaa tai, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Na katikati ya ua ule wenye miamba, mahali pekee palipo tambarare, palikuwa na banda jipya: nguzo sita na mabati kumi na manane yanayong'aa mpaka macho yanauma.

Fred alisema kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia, lakini akamgeukia mkewe. "Mama Mseti, mwambie mama aingize gari humo. Nimemjengea nilipojua anakuja, asipigwe na jua."

Matrida alizima injini. Siku tatu nzima za fundi, chumvi yake, maji yake, ndoo yake, na mkwe kwa heshima zake amemwekea paa juu ya paa. Akiegesha pale amelala kwa mkwe. Asipoegesha amemtukana mbele ya majirani, ambao tayari walikuwa wamekuja kuazima kiberiti, wote kwa pamoja.

"Mwambie nashukuru," alimwambia Dorah. "Mwambie napenda hewa."

Akaegesha pembeni, kwenye mteremko. Akapanda, akajilaza kupima. Kwanza nyayo zikagusa mlango, kisha magoti yakakunjika, kisha mlango ukafunguka na Matrida akatokea mbele ya majirani akiwa amekaa, mikono mapajani, kama aliyekusudia.

"Hewa ikoje?" aliuliza Mwamvita.

"Nzuri."

Alijaribu kugeuza gari, kichwa kikawa bondeni na damu ikamjaa machoni. Alijaribu mara ya tatu, gari likateleza lenyewe mpaka kwenye migomba. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Fred, kupitia kwa Dorah, alisema ataezua mabati yote sasa hivi. Dorah akaanza kulia, na mtoto akalia kumsindikiza.

"Mama, kama unaondoka ondoka tu," Dorah alisema. "Nimekungoja kama mtoto mdogo."

Matrida alishika funguo, asijue azitie wapi. Kama angerudi Musoma, angerudi na godoro la kipimo chake alilalie peke yake, huku mwanawe akijifunza kuogesha mtoto kwa kubahatisha.

Fred alikuwa amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti kama yuko ubaoni. Akasimama, akafuta magoti.

"Mama Mseti, mwambie mama kwamba hili banda si langu. Ni la mtoto. Nimempa."

"Umempa lini?" Dorah akauliza, kamasi zikimtoka.

"Sasa hivi. Mashahidi ni hawa wenye viberiti."

Matrida akatoa simu. Alimpigia Yakobo na kuweka simu sauti kubwa.

"Kaka, bibi anaruhusiwa kulala kwa mjukuu wake?"

"Swali gani hilo? Mjukuu si ndiye mume wake? Analala hata mgongoni kwake akitaka. Huyo mjukuu ana nyumba?"

"Ana banda. Bati kumi na nane."

"Ana umri gani?"

"Siku ya nane leo."

"Na ameshaezeka?"

"Ameshaezeka."

"Basi amemzidi marehemu wako, aliyenidanganyaga ataezeka miaka sita. Lala hapo, na umsalimie huyo mwanamume."

Matrida aliingiza gari taratibu, likakaa sawa, paka wakaingia nyuma yake wakachagua kivuli. Akakunjua kiti, akanawa kwa maji yake mwenyewe, akanyoosha mikono. Dorah akampa mtoto.

"Hodi, mwenye nyumba," alimwambia. "Nimekuja mwezi mmoja. Chumvi ninayo."

Mseti alimtazama, akakunja uso, na kitenge cha bibi kikalowa mpaka magotini.

"Amekubali," alisema Mwamvita.

Matrida akamshika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akawasha gesi, akabandika maji ya kuogea.