Linki Chini ya Habari ya Treni

Kundi letu la mtandaoni lilianza kwa sababu ya uvivu. Sisi wa Tabora tunaokwenda Kigoma kwa treni tulichoka kukaa stesheni bila kujua inaingia saa ngapi. Mama mmoja anayeuza karanga na mahindi ya kuchemsha pale stesheni ya Igalula, ambako treni hupita kabla ya kufika kwetu, akawa anatuandikia neno moja: imepita. Hapo kila mtu anaepua sufuria na kubeba begi lake. Hakuna aliyewahi kumuuliza mara mbili.

Simu yake ilipoanza kufa kufa, tukajadili namna ya kumsaidia. Ahadi za michango zilikuwa nyingi, michango yenyewe haikuonekana. Ndipo mmoja wetu akaleta wazo la linki: treni ikichelewa, mama aweke chini ya habari yake linki ya kukatia tiketi ya basi, na kila atakayekata kupitia hapo, yeye apate kamisheni. Mwalimu mmoja mstaafu alipinga, akasema habari ikianza kuuza kitu itanuka. Nilimwona mkorofi tu. Niliandika kwamba njia hii ya Kigoma imelisha watu tangu enzi za misafara, iweje anayetutumikia kwa bando lake mwenyewe ndiye alale njaa? Wengi wakaniunga mkono. Hakuna kilichofichwa, hata hiyo kamisheni tuliitangaza.

Mwanzoni ukawa utani. Treni ikichelewa, mtu anamuuliza mama leo ameshajaza mabasi mangapi, naye anacheka. Baadaye nikaona ameanza kuapa: haki ya Mungu, imechelewa kweli. Zamani alikuwa haapi.

Masika yaliyopita jirani yangu, fundi cherehani, alifiwa na baba yake huko Kigoma. Mazishi yalipangwa kesho yake asubuhi baada ya misa, na jirani alikuwa ameshakata tiketi ya treni ya siku ile. Asubuhi mama akaandika kwamba mvua imebomoa tuta la reli mbele kidogo ya kwao, treni haitafika, anayeweza awahi basi. Chini yake, linki.

Jirani alikuja kwangu simu mkononi, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia mama yule hajawahi kutudanganya.

"Zamani hakuwa na sababu, jirani," akasema.

Alikwenda stesheni, akakuta watu wamekaa na mizigo yao na hakuna mwenye habari yoyote, naye akakaa. Basi la mwisho la siku hiyo likaondoka. Mchana ndipo tukajua kwamba kila neno la mama lilikuwa kweli.

Jioni mama alinipigia akilia. Aliniuliza angeandika nini ili aaminiwe. Linki alikuwa ameshaitoa mwenyewe. Nilikuwa na hasira siku ile, na sikujua nimkasirikie nani, maana mama alikuwa anatafuta riziki yake na jirani alikuwa anatumia akili zake. Nikiulizwa leo, bado nasema anayelitumikia kundi ale. Ila tumlipe sisi tunaomsoma, asilipwe na anayetuuzia tiketi.

Kesho yake tulipanda basi la alfajiri, mimi nikimsindikiza jirani. Tulipofika Kaliua mtandao ukashika, na mdogo wake akampigia simu ya video kutoka makaburini. Jeneza lilikuwa limeshashushwa. Jirani aliishika simu kwa mikono miwili kwa sababu basi lilikuwa linarukaruka. Mdogo wake akamwambia kwamba udongo wa sehemu yake ameuchota mkononi, sasa anamtupia baba kwa niaba yake.

"Tupa polepole," jirani akasema.