Mwaka wa Nne wa Polepole

Asubuhi za kijijini kwetu Bahati zilinukia pumba za ngano zilizochemshwa na molasi. Baba alizipika kwenye sufuria kubwa nyuma ya banda la farasi, ukungu ukiwa bado umelala mashambani, na harufu hiyo ilitufikia kitandani kabla jogoo hajawika. Baba alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba la Mama Simran, mjane wa Kisikh aliyekuwa na duka la mbao mjini Nakuru. Mumewe alimwachia duka, shamba na farasi sita. Watano walikuwa farasi wa kawaida tu. Wa sita alikuwa Polepole.

Kwenye karatasi za mashindano alikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna mtu shambani aliyelitumia. Baba ndiye aliyemwita Polepole, kwa sababu katika mbio zake za kwanza, zilizokuwa fupi, alifika wa mwisho na watu wakamcheka. Alikuwa wa kahawia iliyokoza, mwenye kifua kipana na uso wa mtu aliyechoka. Lakini walipomwingiza katika mbio ndefu kuliko zote za mwaka kule Nairobi, alikaa nyuma mpaka wenzake walipoanza kuhema, kisha akawapita mmoja mmoja kana kwamba wamesimama. Akashinda tena mwaka uliofuata, kwenye matope. Akashinda na mwaka wa tatu akiwa amebeba uzito mkubwa kuliko farasi wote, maana mshindi huongezewa mzigo mgongoni. "Wengine wanakimbia na miguu," baba alipenda kusema, "huyu anakimbia na mapafu." Baba alikuwa ameitwa "wewe" na waajiri wake tangu ujana. Baada ya ushindi wa tatu, watu asiowajua walianza kumsalimia sokoni, wakamwita Baba Polepole. Mimi, Nyambura, mtoto wake wa pekee, niliona wivu.

Mwaka wa nne nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili. Siku mbili kabla ya mbio, mvua ikinyesha juu ya mabati ya banda, baba aliniita. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Polepole. Alinishika mkono akaupeleka nyuma ya mguu wa mbele wa kulia, chini ya goti, kisha wa kushoto.

"Iko sawa yote miwili?" aliniuliza.

"Huu wa kushoto una joto, baba."

Polepole aligeuza shingo akanipulizia pumzi kwenye nywele. "Usimwambie mtu," baba akasema. Kutwa nzima alisimama naye mtoni, maji ya baridi yakiwafikia magotini, akijaribu kulitoa lile joto. Aliporudi midomo yake ilikuwa ya kijivu.

Kesho yake Mama Simran alikuja na gari, akasimama mlangoni mwa banda na viatu vyake vya mjini. Hakuingia. Alimtazama farasi, kisha akamtazama baba.

"Baba Nyambura, mguu wake uko sawa?"

"Uko sawa, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la pumba, hatua chache kutoka kwao. Nilifumba mikono yangu nikaikalia.

Nilipanda lori pamoja na baba na Polepole kwenda Nairobi, safari yangu ya kwanza. Sikumbuki chochote cha jiji. Nakumbuka uwanja wa nyasi, uzio mweupe, na farasi kumi na wawili wakipita mbele yetu mara ya kwanza, Polepole akiwa wa mwisho kama kawaida yake, na watu wa Nakuru wakicheka kwa furaha kwa kuwa walijua kitakachofuata. Mzunguko wa pili alianza kuwapita. Alikuwa wa tatu walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyooka. Hapo mguu wa kushoto ukakunjika. Mpanda farasi alivuta hatamu kwa nguvu zake zote, lakini Polepole hakukubali kusimama. Aliendelea kwa miguu mitatu, ule wa nne ukining'inia, akiwafuata wenzake waliokuwa wamekwenda zao. Hakuna aliyekuwa akishangilia tena. Baba aliruka uzio. Walipoleta pazia la kijani wakamzungushia ili watu wasione akichomwa sindano ya mwisho, niliona chini yake miguu ya daktari wa mifugo, na magoti ya baba kwenye nyasi.

Tulirudi na lori tupu. Mama yangu alipotuona tukishuka wawili tu, aliingia ndani akatuwekea chakula, na hakuna aliyekila. Baada ya mwezi mmoja baba aliacha kazi. Alilima kabichi na viazi kwenye kishamba chetu, na tangu siku hiyo hakugusa farasi tena.

Leo mimi ni muuguzi, na baba anaishi nami mtaani Kiamunyi, Nakuru. Kazini husema ninachokiona kwenye mwili wa mgonjwa hata kama sikuulizwa, na wako madaktari wasionipenda kwa sababu hiyo. Mwaka jana Mama Simran, ambaye sasa hatembei tena, alituma ujumbe kwamba angependa kumwona baba. Tulimkuta sebuleni kwake mjini, shali magotini. Chai ilipomiminwa, baba hakuigusa.

"Mama, ule mguu ulikuwa na joto. Nilikudanganya."

Mama Simran alimtazama kwa utulivu. "Nilijua," alisema. "Daktari alikuwa ameniambia asikimbie. Lakini marafiki zangu wote walikuwa wanakuja kumwona. Nilikuja bandani ili wewe uniambie hapana. Ungesema hapana, ningemtoa."

Baba alilia, na yule mama akalia, wazee wawili, chai ikipoa mbele yao.

Wakati wa kurudi baba aliomba tupitie Bahati kwanza. Shamba limekatwa viwanja. Pale palipokuwa na banda kuna safu ya vyumba vya kupanga, nguo za watoto zimeanikwa kwenye kamba. Baba alisimama barabarani akatazama.

"Kumbe tulijua wawili, na wote tukanyamaza," alisema.

"Watatu, baba," nikamwambia.

Alinishika mkono, tukavuka barabara.