Mbwa Amenichimbia Kaburi Nikiwa Hai

Leo asubuhi nimeliliwa kama marehemu, nami nilikuwa mezani nikinywa uji.

Binti yetu ametuletea hapa Sindo mbwa mdogo wa aina ya teria, tumjaribu tuone kama atatufaa sisi wazee wawili. Hakututajia kwamba teria huchimba.

Mbwa alinusa fuko chini ya ardhi. Akachimba shimo refu upande wa kulia wa mlango, mahali ambapo kwetu Waluo huzikwa mume.

Jirani yetu, Mama Akinyi, akapita na kuona udongo mbichi.

"Uwi! Mwalimu ametuacha!"

Nikatoka na kikombe mkononi. Akapiga yowe la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Mama Akinyi, mimi ni mzima."

"Basi nani amekufa?"

"Hakuna."

"Na shimo je?"

Mbwa akachomoza kichwa shimoni, pua imejaa udongo.

Mke wangu alicheka hadi akaketi chini. "Huyu abaki," akasema. "Anafanya kazi bila kutumwa."

Sasa hivi mbwa ameanza kuchimba upande wa kushoto, ambapo huzikwa mke.

Mke wangu hacheki tena. Abaki au arudi? Nishaurini upesi.