Midoli ya Mtoto Ambaye Hakulia

Mama yangu alifuma vitambaa vya makochi maisha yake yote. Alifundishwa na akina mama wa kanisa, kule Mbozi Mission, na mimi nikajifunza kwa kukaa chini karibu na miguu yake nikimshikia donge la uzi. Nyumbani kwetu hakuna kilichoachwa wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, meza na chake, hata mtungi wa maji ulifunikwa kitambaa cheupe chenye shanga pembeni. Nilipoolewa Tunduma, mpakani na Zambia, nilikuja na seti nzima. Nikaitandika kwenye makochi ya mume wangu, na vumbi la malori likaigeuza rangi ya chai kabla mwaka haujaisha.

Midoli sikufundishwa na mama. Nilijifunza kwenye simu, nikiwa mjamzito, baada ya daktari kusema presha yangu iko juu na kuniambia nisibebe ndoo wala kuinama, nilale tu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia Dar es Salaam, akapita hapa kwetu, akaenda Kongo. Foleni ya huko Kongo ikiwa fupi tulionana siku moja mbili. Ikiwa ndefu nilimsikia kwenye simu. Mimba ile tulikuwa tumeingoja miaka mingi, na nilishazoea watu kuniangalia tumboni kabla ya kuniangalia usoni. Kwa hiyo nililala kama nilivyoagizwa, kwenye nyumba yetu ya kupanga ya chumba na sebule, malori yakinguruma nje kutwa, na mikono yangu haina kazi.

Siku moja nikamwona mwanamke kwenye video akifuma tembo. Lugha yake sikuijua hata neno moja, lakini mikono yake niliielewa. Alianza na pete ndogo ya uzi, akazunguka na kuzunguka, kila mzunguko akiongeza mishono mpaka ikawa kama kikombe, kisha akaanza kupunguza mpaka mdomo ukajifunga na ukawa mpira. Akaujaza pamba. Kumbe kila mnyama ni mipira na mirija iliyoshonewa pamoja. Nikachukua sindano ya mama, ile fupi yenye ndoano, nikajaribu. Tembo wangu wa kwanza alikuwa na mkonga mnene kuliko mguu. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika tumbo.

Uzi nililetewa na jirani yangu, mke wa mfanyabiashara wa vitenge aliyehamia kutoka Tanga. Alikuwa akivuka mpaka kwenda Nakonde kila wiki kwa shughuli zao, na huko nyuzi zilikuwa na rangi ambazo huku hatukuzipata. Aliniletea kijivu, waridi, na njano ya kifaranga. Akikuta nimemaliza mnyama mwingine alimpakata, akamfanya aruke kwenye goti lake, akasema, "Huyu mtoto wako atakuja kukuta mbuga nzima."

Mimba ilipokuwa kubwa, mama mkwe alikuja kutoka Itumba kunisaidia. Alishuka na gunia la viazi, mkungu wa ndizi na kuku wawili. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, aliyezaa wengi na kuzika baadhi, na sitasema uongo juu yake: alinifulia, alinipikia uji, alinisugua mgongo niliposhindwa kuufikia. Lakini siku ya pili alisimama mbele ya kabati la vyombo, mahali nilipokuwa nimewapanga tembo, sungura, twiga na bata.

"Vidude hivi ni vya nani?"

"Vya mtoto, mama."

"Mtoto yupi?"

Nilidhani ananitania. Nikagusa tumbo. "Huyu."

Hakucheka. "Huyo bado yuko njiani," alisema. "Mgeni ambaye hajapiga hodi hatandikiwi kitanda. Kwetu hatumnunulii hata kitambaa cha kumfutia mate. Viondoe."

Nikaviondoa. Nilivitia kwenye shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa miraba, nikausukuma chini ya kitanda. Lakini kufuma sikuacha. Alipokwenda sokoni nilitoa sindano, niliposikia kandambili zake uani niliirudisha chini ya mto. Nadhani alijua. Uzi ule huacha manyoya kwenye kanga, na yeye ndiye aliyezifua.

Uchungu ulinishika kabla ya wakati. Mume wangu alikuwa ng'ambo, Kasumbalesa, kwenye foleni ya kuingia Kongo. Mtoto alikuwa wa kike. Nilimngoja alie. Nesi alimpiga mgongoni taratibu, akamgeuza, akamwita mwenzake, wakainama wote wawili juu ya ile meza ndogo. Kisha mmoja wao akanyoosha mgongo na kuanza kuvua glavu. Hapo nikajua. Waliniruhusu nimwone uso. Alikuwa na nywele nyingi, zimelala kama zimechanwa.

Akina mama wazee wa ukweni walikuja kumchukua, mama mkwe akiwa mbele, na wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, nyuma yao amebeba beseni. Kwa desturi yao mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Wanaume hawaendi, na aliyemzaa haendi. Nililala pale kitandani nikawaona wanatoka na kitenge kilichokunjwa, kidogo kama mkate. Waliporudi nikauliza wamempeleka wapi.

"Mahali pazuri," mama mkwe alisema. "Usiulize tena, mwanangu. Ukiuliza unamfungia njia anayekuja nyuma."

Nilipotoka hospitali maziwa yalikuwa yamejaa na kulowesha gauni. Nikiwa bado barabarani nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, na sikuijali, maana Tunduma kila siku kuna anayechoma takataka. Nilipofika uani nikaona moshi nyuma ya jiko letu. Uzi wa dukani hauungui ukawa majivu. Unayeyuka. Palikuwa na bonge jeusi, limeng'ang'ania mawe, na ndani yake niliona kijivu kidogo na vifungo viwili nilivyoviweka kuwa macho. Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono mdomoni. Baadaye aliniambia alijaribu kumzuia mama mkwe, akaambiwa hayo ni mambo ya ukoo.

Mama mkwe alikuwa anafagia.

"Mama, umechoma?"

"Ulitaka vibaki vikimwita nani?" Aliegemeza fagio ukutani. "Nilikukataza. Mtoto hajafika, wewe unamtengenezea michezo, unajifanya unajua kuliko Mungu. Sasa umeona."

 Kifua kilikuwa kinauma kwa maziwa. Niliingia ndani, nikakuta chini ya kitanda pamefagiliwa safi, na hata sindano ya mama yangu haipo.

Mume wangu alifika karibu wiki moja baadaye, macho mekundu kwa barabara. Nilikuwa nimemngoja kama mtu anayengoja shahidi. Nilimweleza yote: kwamba daktari alisema ni presha, kwamba niliuliza mara mbili na akanijibu vilevile mara mbili, kwamba mama yake amechoma kila kitu na hawataki kunionyesha kaburi. Alisikiliza huku akila. Alinawa mikono, akakaa kidogo, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Kwani ulikuwa na haraka gani na hiyo midoli?"

Angenipiga ningemsamehe mapema zaidi. Nilimwambia, "Daktari amesema presha." Akajibu, "Daktari anasema lake, mama naye anasema lake." Tangu hapo kuna mambo mengi ambayo sijamwambia, na hajawahi kugundua kwamba hayajui.

Tulijaliwa mtoto mwingine. Safari hiyo sikununua hata soksi. Nilikwenda hospitali na kanga mbili na wembe, kama mtu anayekwenda kuiba. Mtoto alilia mpaka wakamsikia kwenye korido. Mama mkwe alimpakata mbele ya wanawake wote waliokuja kutupongeza, akasema, "Mnaona? Safari hii mama yake alisikia." Wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nikatabasamu, maana nilikuwa na mtoto hai kifuani na sikutaka maneno. Lakini nililielewa nililofanyiwa. Uhai wa mtoto huyu waliufanya ushahidi kwamba yule wa kwanza nilimuua mwenyewe. Na baya zaidi, kuna majira nami niliamini.

Mwanangu amekua bila kitu chochote nilichomfumia. Aliburuta makopo yaliyofungwa kamba kama watoto wa jirani, na alifurahi; hakujua alichonyimwa. Alipoanza shule ndipo jirani yangu alikuja na mfuko wa nyuzi na sindano mpya, akaviweka mapajani mwangu bila maelezo. "Nimechoka kukuona umekaa hivyo," alisema. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Nilianza kufuma kwa ajili ya duka la nguo za watoto karibu na mpaka. Akina mama wa Kizambia waliopita na mizigo yao walisimama, wakawaminya tumbo wanyama wangu, wakaniita "bamayo", yaani mama kwa lugha yao, na kuniuliza kama naweza kufuma simba. Nilifuma simba. Nilifuma hata kiboko. Sikuuliza mdoli unakwenda kwa mtoto aliyezaliwa au asiyezaliwa.

Halafu mitindo ikabadilika. Tunduma nayo ikaanza kufanya bebi shawa. Mjamzito anavikwa taji, ukumbi unapambwa maputo, na mbele yake wanapanga meza ya zawadi: nguo, beseni, kitanda chenye neti, midoli. Mtoto bado yuko tumboni. Mara ya kwanza nilipoona picha za namna hiyo nilidhani ni watu wa mbali, wasio na wazee. Kisha wifi yangu mkubwa, yuleyule aliyebeba beseni, akaja kwangu. Binti yake alikuwa anatarajia.

"Wifi, tunataka seti nzima," alisema, akanionyesha picha kwenye simu. "Tembo mkubwa akae katikati ya meza, halafu na wadogo. Tutakulipa kama wengine wanavyolipa."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua. "Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyesema tuje kwako. Anasema mikono yako ni mizuri."

Niliweka ungo chini. "Nitafuma," nilimwambia. "Malipo sitaki. Nataka unionyeshe mlikomlaza mwanangu."

Aliangalia mlango. "Wifi, mambo hayo ni ya zamani."

"Na mwiko nao ni wa zamani. Mmeuacha lini? Mbona mimi sikuambiwa?"

Alizima simu, akasimama, na siwezi kusema nilimwonea huruma. Alikuja kunichukua siku iliyofuata asubuhi. Tulipita nyuma ya soko, tukavuka mfereji, tukaingia upande ambao zamani ulikuwa mashamba ya mahindi na migomba.  Nilikuwa nimejiandaa kukuta nyasi. Nilijiambia nitang'oa magugu, nitaweka jiwe, basi. Wifi akasimama mbele ya ukuta wa matofali. Ndani ya ukuta palikuwa na yadi ya malori.

Mlinzi alifungua geti kidogo. "Mnamtafuta dereva gani?"

"Hapana," wifi alisema. "Tunaangalia tu."

Alitufungulia, labda kwa sababu tulikuwa wanawake wawili wakubwa na hatukuonekana na shari. Ardhi yote ilikuwa imemwagwa kifusi na kushindiliwa. Malori yalikuwa yamepangwa pua kwa pua, mafuta yakidondoka chini. Wifi alitembea hatua chache, akarudi, akageuka huku na huku.

"Palikuwa na mparachichi," alisema. "Tulimweka karibu na mparachichi."

Hapakuwa na mti wowote. Alianza kulia, kilio kikubwa, mpaka mlinzi akaleta kiti cha plastiki. Ikabidi nimshike bega, nimbembeleze, nimwambie basi, wifi, basi. Yeye analia na mimi nabembeleza. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika zile, na mkono wangu bado uko begani kwake. Niliangalia chini ya lori lililokuwa karibu, kisha chini ya lingine. Mimi sikulia. Tulimshukuru mlinzi tukaondoka.

Midoli nilifuma, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Ningeweza kumfanya tembo yule vibaya, kumlegeza mishono ili pamba itoke baada ya wiki, na nilifikiria hivyo. Lakini kazi ilipokuwa mkononi sikuweza. Alitoka mzuri kuliko wote niliowahi kufuma. Kwenye sherehe sikwenda. Mume wangu alikwenda, akarudi na picha: mama mkwe amekaa karibu na mjukuu wake, amezeeka sana sasa, tembo yuko mapajani mwake, na yeye amemshika mkonga kwa vidole viwili, anacheka.

"Watu wamekusifu," mume wangu alisema. "Mama anataka na yeye wa kwake."

"Mwambie uzi umekwisha."

Aliuangalia mfuko wa nyuzi uliojaa miguuni pangu, akaenda kuoga.

Binti alijifungua salama. Mtoto wa kike, ana afya, analia vizuri. Nilikwenda kumwona kama anavyotakiwa kwenda mke wa mjomba, na sabuni na kilo ya sukari. Chumba kilijaa wanawake. Midoli yangu yote ilikuwa imepangwa kichwani mwa kitanda, imemtangulia mtoto kufika kwa wiki nzima, na mtoto alikuwa amelala katikati yake akipumua. Nilikaa, nikanywa chai. Nilingoja mtu mmoja aseme neno juu ya yule wangu ambaye hakulia. Nilimwangalia wifi, akajishughulisha na vikombe. Nilimwangalia mama mkwe kwa muda mrefu, mpaka naye akaniona.

"Sogea kidogo upande huu, mwanangu," aliniambia. "Umkinge mtoto na upepo wa dirishani."

Nikasogea.